Jinsi ya kuzisoma nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, na kwa nini uanze na boriti

Wengi wakifika Lamu wanapiga picha punda, wanapiga picha mlango wenye nakshi, afu wanachukua boti kwenda kijiji cha Shela. Mkomani wanaikatiza tu. Inaniuma kwa kweli, manake huu ni mtaa ambao watu wanaishi mpaka leo kwenye nyumba za karne ya 18, na ukiwa na asubuhi moja na alasiri moja unaweza kuzisoma mpaka ukajua nani alilala wapi, mgeni aliishia wapi, na kwa nini chumba kina upana ule na sio mwingine. Digrii ya usanifu huhitaji, unahitaji kujua pa kuanzia, na pa kuanzia sio mlangoni, ni kwenye dari.

Ila kabla ya dari jua kwanza umesimama wapi. Mji wa kale uko upande wa mashariki wa kisiwa unatazamana na kisiwa cha Manda, na sehemu iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 ni ndogo sana, hekta 16 hivi. Kaskazini ndo Mkomani, mtaa wa mawe wa waungwana, yaani zile koo za tabaka la juu. Kusini ni Langoni, ambayo ilijaa zaidi karne ya 19 na baadae, Wabajuni, Wahadhrami, Wakomoro, nyumba nyingi zikiwa za udongo na makuti, na huko ndiko uliko msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh ambao watu wanamiminikia kwenye Maulidi. Baina ya hizo mbili kuna ngome, ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, Waamu (watu wa Lamu) walipowapiga watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui waliotawala Mombasa afu wakaona peke yao hawataweza kujilinda milele wakamwita Seyyid Said, mtawala wa Oman, ikamalizika 1821, baadae ikageuzwa jela na ikabaki jela mpaka 1984. Hiyo ngome itumie kama alama yako, ukipotea kwenye vichochoro (na utapotea) teremka kuelekea baharini utaiona.

Sasa nenda usimame Usita wa Mui, ile njia kuu inayokwenda sambamba na bahari, na uangalie kulia na kushoto kabla hujaingia popote. Zamani pwani yenyewe ilikuwa karibu sana na hapo ulipo. Karne ya 19 watu wakawa wanajaza, takataka, mawe, mchanga, wakajenga juu yake, kwa hiyo nyumba za upande wa bahari karibu zote ni changa kuliko za upande wa bara wa njia. Utaona tofauti bila kuambiwa: upande wa bahari kuna veranda, matao, madirisha makubwa yanayotazama nje, mambo yaliyokuja na biashara ya Zanzibar na wafanyabiashara wa Kihindi. Upande wa pili kuta kavu, hazina dirisha, labda vitundu vidogo juu kabisa. Hiyo kuta kavu ndo tunayoitafuta.

Na hapa ndo wageni wanakosea kuielewa Mkomani, wanaona uchochoro una kuta tupu za mawe wanadhani ni maskini au pamechakaa. Utajiri wote uliwekwa ndani. Nje ilitakiwa isiseme kitu.

Haya, boriti. Ingia nyumba ambayo unaruhusiwa kuingia, ile nyumba ya Kiswahili ya Makumbusho ya Taifa iliyopo Mkomani ndo rahisi kuliko zote, au kama umepanga kwenye gesti iliyokuwa nyumba ya kale basi una bahati, unayo usiku kucha. Tazama juu. Utaona miti iliyopangwa moja moja kwa nafasi sawa, mara nyingi imepakwa rangi nyeusi na nyekundu, juu yake mawe bapa ya matumbawe na juu ya hayo tena sakafu nzito ya chokaa. Ile miti ni mikoko kutoka kwenye mito ya bahari ya huku huku kaskazini. Mkoko ni mgumu kweli, maji ya chumvi hauogopi, mchwa wanahangaika nao, lakini boriti nzuri iliyonyooka inayoweza kubeba sakafu ya mawe haivuki kama mita 2.8. Basi. Hiyo ndo rula ya mji mzima. Tembea kwa hatua upana wa chumba, utapata mita mbili na nusu na kitu, nenda chumba cha pili hivyo hivyo, nenda nyumba ya jirani hivyo hivyo. Aliyetaka chumba kikubwa hakuweza kukipanua, aliweza kukirefusha tu, kwa hiyo ukubwa wa nyumba Lamu unasomwa kwa urefu wa vyumba na idadi yake, upana wala usikushughulishe. Na sio Lamu peke yake, jahazi zilibeba boriti hizi kwa karne nyingi mpaka Ghuba ya Uajemi na Arabuni, kwa hiyo kuna vyumba huko vina upana huu huu kwa sababu ya miti ya hapa.

Ukishalishika hilo nyumba yote inafunguka. Vyumba ni virefu na vyembamba, haviwezi kupanuka, kwa hiyo vimelazwa sambamba kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja ni cha siri zaidi kuliko kilichotangulia. Vifuate kwa mpangilio, usirukeruke.

Unaanza na daka, ile baraza ya mawe nje mlangoni yenye viti vya kujengwa huku na huku. Mwanamume asiye wa nyumba hapo ndo kituo chake, anakaa, anapewa kahawa, habari zinapigwa, mambo yanakwisha bila kuvuka kizingiti. Ukipita mlango unaingia tekani, kiukumbi kidogo chenye kona, na hiyo kona itazame vizuri manake ndo fundi alipoonesha akili yake: mlango wa barabarani unaweza kuachwa wazi kutwa na mpita njia asione kitu zaidi ya ukuta. Simama nje uchungulie ujaribu mwenyewe. Hapo tekani mara nyingi kuna ngazi inayopanda moja kwa moja juu bila kupita kwenye nyumba ya chini, ishike akilini tutairudia.

Baada ya tekani ni kiwanda, uwanja mdogo wa ndani usio na paa, na hiki ndo mapafu ya nyumba. Mwanga wote unaingilia hapa, hewa pia. Kutoka kiwanda unapanda kidaraja kimoja unaingia msana wa tini (msana ni chumba kirefu cha kukaa, tini ni chini na yuu ni juu kwa Kiamu), ambao upande wa kiwandani hauna ukuta kamili uko wazi, afu kidaraja kingine msana wa yuu, afu milango miwili inakupeleka ndani, na hapo neno lenyewe ndo jina la chumba, ndani, kwa mwenye nyumba na mkewe. Nyuma ya ndani kuna nyumba ya kati. Huko mtoto alizaliwa na huko huko maiti alioshwa, na mwanamke akikaa eda nyumba ilikuwa na pa kumstiri. Chumba cha giza kuliko vyote ndo kilichobeba mambo mazito kuliko yote. Ukiingia humo teremsha sauti, hata kama ni makumbusho.

Sasa geuka, usimame ndani uangalie ulikotoka. Mwanga umetoka kiwandani ukapita misana miwili, ukifika hapa umechoka. Mafundi wakafanya nini? Wakaujaza ukuta wa nyuma zidaka. Ni vishubaka vya lipu nyeupe, safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake, kingo zimechongwa nakshi, na vilivyo karibu na sakafu mara nyingi ni vipana kuliko vya juu. Chokaa nyeupe inashika kile kidogo cha mwanga kilichobaki inakigawanya kwenye kingo mia, na ghafla ule ukuta wa mwisho unaonekana uko mbali zaidi kuliko ulivyo, chumba chembamba kinapata kina. Weka jicho lako karibu na ukuta kabisa utazame kwa ubavu asubuhi wakati jua limeingia kiwandani, utaona alama za kisu cha fundi, mahali mkono wake ulipokata lipu ingali mbichi, mahali ulipoteleza kidogo akarekebisha. Nakshi mbili za majani zilizo jirani hazifanani kabisa kabisa. Usiziguse, mafuta ya vidole yanaiharibu chokaa na imeshaguswa na wengi. Humo kwenye zidaka ndo walipanga sahani na bakuli za Kichina, misahafu, vyombo vya shaba, na kumbuka hivyo vyombo vilikuwa mbele ya bibi harusi na ndugu zake wa kike, sio mbele ya wageni wa daka. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujionesha alijionesha kwa ndani, kwa wale anaowaheshimu.

Choo usikipite kwa aibu. Kiko pembeni ya misana, kimejengwa vizuri kuliko watu wanavyotegemea, na kina birika la maji lililojengewa ukutani. Chungulia ndani ya birika kwenye nyumba iliyohifadhiwa, utakuta bakuli la kaure limezamishwa kwenye sakafu yake chini, maji yakipungua humo ndo hubaki ya mwisho ya kuchota, na pia ndo kimbilio la samaki wadogo waliowekwa kwenye birika ili wawale viluwiluwi vya mbu. Mji wa mwambao wenye mbu, na mtu karne mbili nyuma alishalifikiria hilo bila dawa yoyote!

Turudi kwenye ile ngazi ya tekani. Mkomani nyumba ilikuwa ya binti. Msichana wa kiungwana akiolewa mume ndo alihamia kwake, na baba aliyekuwa na binti wa pili bila kiwanja cha pili alijenga juu. Ndo maana ghorofa ya juu mara nyingi ni nyumba kamili yenye kiwanda chake na misana yake na ndani yake, ina njia yake ya kuingilia, haitegemei ya chini. Kwa hiyo ukiona ngazi inayokwepa nyumba ya chini jiulize binti gani alijengewa. Na kama binti mwingine yuko ng'ambo ya uchochoro basi inua macho utaona wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kinaunganisha nyumba mbili, wanawake wa familia wanapita juu kwenda kutazamana bila kushuka barabarani. Unapopita chini ya wikio unapata kivuli na upepo, na huku juu ya kichwa chako kuna mtaa mwingine wa kina mama. Ukihesabu mawikio na ukauliza nyumba zipi zinaunganishwa unapata ramani ya ukoo bila kufungua kitabu. Jiko nalo litafute juu darini, kidari cha meko, moshi uende zake.

Kuna jambo ambalo waongozaji wengi wanalipita haraka na mimi naomba usilipite. Hizi nyumba zilijengwa kwa kazi ya watumwa. Wao ndo waliokata matumbawe Manda, wakachoma chokaa, wakalima mashamba ya bara yaliyoleta pesa ya zidaka na bakuli za Kichina. Kwenye nyumba nyingi za ghorofa wao walikaa chini pamoja na stoo, familia juu. Kwa hiyo ukiingia sehemu ya chini yenye joto, giza, kuta hazina nakshi hata moja, usiseme hapa hapana kitu cha kuona. Ndo historia yenyewe. Na ndo inaeleza kwa nini Mkomani kuna magofu katikati ya nyumba nzima: utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 uchumi wa waungwana ulishakuwa unayumba, wakashindwa kutengeneza, paa la chokaa lisipotazamwa miaka michache linavuja, boriti zinaoza kwenye ncha, sakafu inashuka, na nyumba imekwisha. Na jengo la mawe lenyewe lilikuwa haki ya waungwana, mgeni hata awe na pesa hakuruhusiwa kirahisi kujenga kwa mawe Mkomani, ndo maana mstari kati ya mawe na makuti ulikuwa mstari wa watu pia.

Kuhusu kukadiria umri wa nyumba, usijiamini sana kwa mlango. Mlango unahamishika, unauzwa, unarithiwa, unapachikwa kwenye nyumba isiyokuwa yake. Anza na vitu visivyohama: nyumba isiyo na madirisha ya nje, yenye misana iliyo wazi kwa kiwanda na zidaka za lipu kwenye ndani, hiyo elekea karne ya 18. Madirisha yametobolewa kwa njia, kuna veranda ya mbao au matao ya mbele, elekea mwisho wa karne ya 19 na kuendelea, ingawa nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili, chini ya kale juu ya juzi. Paa la makuti la mteremko kwa kawaida limeongezwa baadae juu ya paa bapa la chokaa, linaleta baridi nzuri lakini ndo hofu kubwa ya moto mtaani. Ukitaka alama ya zamani zaidi nenda msikiti wa Pwani karibu na ngome, huo unatajwa kuwa wa mwaka 1370. Na kama unapenda kulinganisha na siasa za nje kuna nyumba ya posta ya Wajerumani kwenye Usita wa Mui iliyofanya kazi 1888 hadi 1891.

Halafu dira. Kutoka Lamu kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo fungua simu yako tu uangalie dira ukiwa kiwandani, utaona mji umejipanga na mhimili huo, nyumba inakuelekeza kibla hata kama hujauliza.

Adabu sasa, na hii sio nyongeza, bila hii husomi kitu. Salamu kwanza kabla ya swali lolote, wazee waliokaa daka waamkie shikamoo usubiri waitikie, ukiambiwa karibu ukae kweli sio usimame na simu mkononi. Hodi mara tatu, kimya maana yake rudi. Vaa kwa kujistiri, mwanamume usiombe kuingia kile chumba cha ndani kwenye nyumba inayokaliwa, hata ukiruhusiwa kataa kwa upole, na kama mko mume na mke basi mama ataona mara kumi zaidi yako, mwachie yeye. Usipige picha watu bila ruhusa na mchana wa Ijumaa kaa mbali na kazi hii kabisa. Swali zuri la kumuuliza mwenye nyumba sio nyumba hii ya mwaka gani, watu wengi hawajui tarehe na ni haki yao, muulize nyumba hii ilikuwa ya bibi gani. Hapo utapewa vizazi vinne.

Na kama wewe ni mmoja wa warithi au umenunua na unataka kutengeneza, tafadhali sana, saruji iweke mbali. Najua ni rahisi, inakauka haraka, fundi yeyote anaijua. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unapanda kutoka chini na kutoka kwenye mvua afu unatoka taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, lipu ya saruji inaonekana nzuri misimu michache afu inabanduka mapande mapande pamoja na jiwe nyuma yake, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimya kimya usione mpaka dari ishuke. Jaribio dogo, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukisikia mlio wa uwazi nyuma ya lipu hapo pameshaachana. Chokaa inahitaji subira, matumbawe yanachomwa kwenye tanuri la magogo, yanachanganywa na maji, yanaachwa yakomae, kadiri yanavyokaa ndo bora, na lipu inapakwa tabaka nyembamba nyembamba. Tafuta mwashi wa Lamu aliyelelewa kwenye kazi hii, mlipe vizuri, na kijana wako mmoja akae naye ajifunze.

Kabla hujagusa hata jiwe moja pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa pale Lamu, mabadiliko kwenye nyumba za mji wa kale yanahitaji idhini chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Nenda na picha za kila chumba na mchoro wa mkono wenye vipimo, na warithi wote wawe wamekubaliana kwa maandishi, manake nyumba nyingi za Mkomani zina wenyewe wengi, kuna waliopo Mombasa, kuna waliopo Oman, na kazi nyingi zinakwama hapo kuliko kwenye chokaa.